Damu Yangu Haikubadilishwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni na koplo wa zamu, kadiri shahidi alivyosema.
Anajulikana kwa: Chuma. Umri: miaka 53. Elimu: shule ya msingi. Kazi: mlinzi wa geti, maabara ya utafiti wa magonjwa. Makazi: chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha magodoro, anaishi na mke.

Afande, niliitwa niseme kama nilimwona binti wa maabara akiingia chumba cha majokofu, inakotunzwa damu, baada ya saa za kazi. Sikumwona. Hakuingia. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyomweka ndani tangu jana.

Pale kazini wanatafuta vitu fulani kwenye damu ambavyo kiwango chake hupanda pindi bakteria wanapoingia mwilini, hata kabla mtu hajashikwa na homa. Binti ndiye anayetutoa damu na kuipima. Aliwahi kunieleza, "Ni kama moshi, baba. Tunataka tuuone kabla paa halijashika moto." Sasa ili wajue damu ya mgonjwa ikoje, wanahitaji na ya wazima wa kulinganisha. Wazima wenyewe ni sisi wafanyakazi. Kila mwezi unatoa chupa moja. Inaandikwa namba tu, majina yamefungiwa ofisini mpaka utafiti uishe. Hata binti hajui ipi ni ya nani.

Mnamo mwezi wa tatu, tarehe sikumbuki ila ilikuwa Jumatatu, nilikanyaga msumari nikivuta geti. Ulipita soli ya buti mpaka kwenye unyayo wa kushoto. Haukuniuma sana, ndiyo maana nikaupuuza. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikarudisha buti.

Wiki iliyofuata binti alinikalisha, akanifunga mpira mkononi, akauliza kama anavyowauliza wote, "Huna homa? Huna kidonda popote?"

Nikamwambia, "Chuma kinaumwa lini, binti?"

Akacheka, akanitoboa. Uongo ule niliusema huku natabasamu.

Sababu ni hii. Mlinzi mwenzangu alivimba miguu, akaambiwa akapumzike nyumbani, na mpaka leo anapumzika. Kwa umri wangu geti jingine silipati. Halafu lile jina nililipenda. Vijana wakipita wananipiga begani, "Chuma!" Mtu unazoea.

Mwezi wa nne nikatoa tena, na wa tano. Kidonda kilikuwa hakijafunga. Mke wangu akaanza maneno. "Hilo buti umelioa? Mbona unalala nalo?" Siku nyingine, "Wewe baba, soksi zako zinanuka kama panya kafia darini." Nikasema jasho.

Damu ya mwezi wa tano ndiyo iliyoleta balaa. Vile vitu vilikuwa vinapanda kila mwezi, na safari hii bakteria wenyewe walionekana walipoiweka kwenye chombo cha kuoteshea vijidudu. Daktari mkuu alikuja juu. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia nikiwa getini.

"Wazima wote nawaona kila siku, wanatembea! Hii damu ni ya wodini. Umezimwaga chupa zetu, ukafidia kwa za wagonjwa!"

Binti akajibu, "Daktari, nimezitoa kwa mkono wangu. Kipimo hakijakosea. Kuna mtu kati yetu anaumwa. Tumtafute."

Jioni ile akamzungukia kila aliyetoa damu. Alipofika kwangu aliongea polepole. "Baba, nakuomba. Kama kuna kitu niambie mimi tu. Kazi yangu iache. Mwenye damu ile hana muda mrefu."

Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, afande, nimeegemea kibanda. Nikamjibu, "Kawaulize hao vijana walevi. Mimi si unaniona, nimesimama?"

Akaniangalia. Akasema asante.

Daktari akamshtaki kwenu kwamba amebadilisha damu, na jana asubuhi gari lenu likaja kumchukua. Geti nililifungua mimi. Alipopita alinipungia mkono, kama kila siku. Nikarudi kibandani nikataka kuvua buti. Halikutoka.

Kwa hiyo hakuna damu iliyobadilishwa. Ni yangu, chupa zote tatu. Kipimo kilisema kweli, binti alisema kweli, na mimi niko pale nawafungulia geti na kuwasalimia. Mkitaka kunifunga nifungeni. Ila yeye mwacheni leo, na aambiwe yule mtu aliyekuwa anamtafuta amepatikana.

Nimesomewa yote. Ni maneno yangu, hakuna aliyenitisha.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya mwandishi: Shahidi ameweka sahihi akiwa ameketi, kwa kuwa alishindwa kusimama. Buti la kushoto limekatwa kwa kisu hapa kituoni, kwa ridhaa yake. Mtuhumiwa ameachiwa saa nane mchana. Shahidi amepelekwa hospitali kwa gari la kituo. Mtuhumiwa alipoonyeshwa ule mguu aliomba kupanda gari hilohilo. Amepanda.

Koplo wa zamu