Kigurudumu Chako na Nguzo ya Mwisho

Nyumba ileile, mlango uleule,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ambaye ni wewe peke yako unayemwita Kibonge hadi leo, na ambaye kwa bahati mbaya bado anastahili. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na shemeji je, ameacha kujitibu kwa dawa anazozisikia kwenye matangazo? Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, na sauti yake nzima zaidi. Mimi nina michubuko kwenye viwiko vyote viwili na mwingine mahali nisipopataja.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza kama kile kigurudumu chako, kibaiskeli chako cha tairi moja, bado kipo, maana ukija mwezi wa nane unataka kukipanda, wanangu waone shangazi yao alivyokuwa enzi za sarakasi. Nikakujibu kwamba kipo palepale ulipokitundika. Dada, siku niliyoandika maneno hayo hakikuwepo. Kwa wiki sita, kila nilipopita mbele ya ule msumari mtupu ukutani, niliangalia pembeni kama nimekutana na mtu ninayemkwepa.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana daktari aliniambia niutafutie mwili kazi. Nikakitungua kigurudumu chako nikajifunza kwenye korido, mkono mmoja ukutani, wifi yako akinitangulia kuondoa vyombo. Baada ya miezi minne nikawa naendea kazini, kilomita tatu. Unakijua: inchi ishirini, pedeli zimeshikana na gurudumu lenyewe, usipozungusha hakiendi. Nilikuwa nachapa miguu kama fundi cherehani mwenye nguo za harusi ya kesho, na waendao kwa miguu wananipita wakinisalimia.

Askari wa getini kwetu kiwandani akawa ananipokea hivi kila asubuhi: "Mzee, leo umemnyang'anya mtoto wa nani?"

Ningecheka tu, yangeisha. Lakini yaliniingia.

Nikaenda kwa fundi baiskeli aliye nyuma ya soko. Yule bwana ana sharti lake: hampi mtu gurudumu kubwa mpaka aone, au ahakikishiwe, kwamba anaweza kulipanda katikati ya barabara bila kushika kitu. Akanitazama miguu, akasema kwa mgeni kama mimi, na njia yenye taa na watu, nichukue inchi ishirini na sita. Inaongeza mwendo, na bado utashuka salama. Pale pembeni palikuwa na nyingine ya thelathini na sita, kiti chake kinanifika kifuani. Hiyo, akasema, ni ya barabara ndefu na mtu aliyekwisha kuzoea.

Mimi ndiye ninayekata karatasi kiwandani, Dada. Kutwa nzima napima kwa milimita. Siku hiyo nilishindwa kupima mguu wangu mwenyewe. Nikaionyesha ile ndefu.

"Unapanda bila kushika ukuta?" akaniuliza.

"Hata gizani," nikasema.

Akaziangalia mvi zangu, akaniamini. Tukabadilishana: yeye akanipa ile kubwa, mimi nikamwachia redio yangu na kigurudumu chako. Ndiyo. Niliacha mali yako kwa sababu ya mdomo wa askari wa getini.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kupanda bila kushika. Kwa hiyo kazini nikawa nakwenda kwa nguzo. Nashika nguzo ya mlangoni kwetu, napanda, naenda hadi taa za kwanza, nashuka, nasukuma hadi nguzo nyingine. Mwishowe nikawa naisukuma karibu njia nzima, nikijificha nyuma ya magari kama mwizi wa baiskeli yangu mwenyewe. Ila nguzo ya mwisho, hatua sitini kabla ya geti, hapo ndipo napanda, naingia nimenyooka kama bendera. Askari alinipigia saluti. Wenzangu walitoka kuangalia. Katibu muhtasi akanipiga picha, na ndiyo ile niliyokutumia. Usiionyeshe mtu tena, tafadhali.

Halafu Jumatatu moja nikakuta nguzo ya mwisho imeng'olewa. Shimo tupu, na mafundi wa barabara wanakunywa chai. Nikafika getini nasukuma, nikasema nina pancha. Askari akainama, akaliminya tairi.

"Mzee, hili ni gumu kuliko kichwa changu. Kulikoni?"

Nilisimama pale, uso unaniwaka, nikamwambia yote. Ajabu, hakucheka. Alisema tu, "Kumbe sisi ndio tuliokufikisha hapa." Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Jioni nikairudisha ile kubwa kwa fundi. Kigurudumu chako kilikuwa kimening'inia darini. Hakupandisha sauti.

"Mzee, mimi nilikuamini," akasema. "Sasa chukua ishirini na sita, panda hapa mlangoni, mikono hewani. Safari hii natumia macho, masikio yamestaafu. Ukiweza, ondoka na vyote viwili. Redio inabaki."

Ilinichukua Jumamosi tatu. Nilianguka mbele ya wauza nyanya wote, na wakawa wananihesabia kwa sauti. Jana, Dada, nilipanda. Nikazunguka soko mara moja, nikashuka kwa miguu yangu miwili.

Kigurudumu chako kimerudi msumarini. Lakini nimeandika kurasa tatu nikilizunguka jambo moja. Fundi alikuwa amekwisha kukifanyia matengenezo. Kiti cha zamani, chenye kile kifuniko chekundu alichokushonea marehemu Mama, alikiona kimechakaa akakitupa. Hakujua. Aliyejua ni mimi, nami sikusema.

Nilipekua pipa lake la vyuma chakavu kutwa mbili. Kiti sikukipata. Kifuniko nilikipata, kina grisi na kimechanika upande mmoja, ila mishono ya Mama imeshika yote. Nimekiweka humu ndani ya bahasha. Sikukifua. Niliogopa nisije nikaharibu na hicho.

Ukija mwezi wa nane, njoo nacho kama utapenda. Kama hutapenda, nitaelewa. Unisamehe kadiri utakavyoweza.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote wawili uwabusu, hata yule anayejiona mkubwa. Wifi yako anakusalimu, anasema hahusiki. Mungu akulinde na akujalie goti zima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayepanda bila kushika mara moja kati ya tatu,

Kibonge