Miguu Tupu ya Collège Ngao

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Préfet Anaclet, mkuu wetu wa shule, ameniita ofisini. Huyo mtu hakuiti akupe soda. Jubilei ni tarehe 29 Novemba — miaka thelathini ya Collège Ngao! — na kitabu cha historia ya shule hakijaandikwa hata mstari mmoja. Nani ataandika? Bwalya. Kwa sababu Bwalya anafundisha historia, anafundisha michezo, na alisoma hapa hapa. Punda mmoja, mizigo mitatu.

Anataka kurasa arobaini. Mwanzilishi, wanafunzi waliofaulu Examen d'État, ule mtihani wa taifa, waliofika chuo kikuu, waliofika Ulaya. Lakini ukurasa mkubwa uwe wa riadha: ubingwa wa mbio za nyika wa 1998. "Uweke ile ya pieds nus," alisema. "Ile njo bantu banapenda."

Ile ya pieds nus. Imeandikwa kwenye ukuta wa lango kwa rangi ya buluu: TULISHINDA MIGUU TUPU. Naipita kila asubuhi. Siku hizi nageuza uso.

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi alfajiri. Uwanja wetu umebaki nusu, nusu nyingine imekuwa madarasa, na hiyo iliyobaki ni vumbi tu. Joto la Oktoba, mvua bado. Tangu katikati ya Septemba nawapeleka watoto kwenye barabara ya nyuma ya kiwanda cha shaba. Wazo langu mwenyewe, na najisifu! Kila alfajiri lori la kiwanda linamwagia barabara maji, vumbi linalala, watoto wanapumua. Shule nyingine wanakohoa. Wangu hapana.

Mwaka huu timu imepata mpya mmoja: Shalom, msichana wa miaka kumi na tano, anakaa internat, bweni la shule. Miguu ya swala na kichwa cha jiwe. Anakimbia miguu tupu, ndiyo desturi yetu: mpya hukimbia bila viatu trimestre nzima, muhula wote wa kwanza, halafu kabla ya Noël anavishwa viatu mbele ya shule yote. Wengine hulia siku hiyo. Kichekesho ni kwamba mama yake, Mama Kahambu, mtu wa Butembo, anauza viatu kwa jumla mjini! Alimletea jozi mbili mpya kabisa. Mtoto akazirudisha. Akasema mabingwa wa 1998 hawakuwa navyo. Mama akacheka, akaniambia, "Prof, weye unaniharibia biashara."

Viatu vya wakubwa vinaachia soli, jozi tatu kwa wiki moja. Gundi ya siku hizi!

Jumapili, 12 Oktoba

Kalaba amenitumia picha kwa simu. Tulikimbia pamoja 1998, sasa anaendesha malori Kolwezi. Nilimwomba kitu cha kitabu, naye amefukua sanduku la marehemu mama yake. Vijana watano na kombe. Mimi wa pili kutoka kushoto, mbavu nje, meno yote nje.

Na miguuni — viatu. Sote watano. Vyeupe, vipya. Kalaba ameandika chini yake: "Ona bilatu yetu vile ilikuwa inang'aa!"

Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilidanganya. 2011, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, viatu vya timu havikufika. Watoto walikaa chini uwanjani wanalia, hawataki kuonekana maskini mbele ya shule za mjini. Nikasimama mbele yao, maneno yakatoka yenyewe: sisi mwaka ule tulishinda miguu tupu! Wakanyamaza. Wakainuka. Wakashinda! Ningewaambia nini baada ya hapo? Préfet akasikia, akaleta mpaka rangi. Miaka kumi na minne. Uongo mdogo wa kuwafuta watoto machozi, leo una ukuta wake na desturi yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Shalom anachechemea. Nimemwuliza, akasema si kitu. Nikamtazama nyayo kwa haraka — wekundu, ngozi imepasuka kisiginoni. Nikamwambia ngozi inakomaa hivyo, hata sisi ilitupasuka.

Hata sisi! Mdomo huu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ameanguka kwenye kona ya pili. Nilidhani amejikwaa. Nilipomgeuza nikaona nyayo, na sitaki kuziandika lakini nitaziandika. Nyeupe katikati, nyeusi pembeni, ngozi inatoka kama ya nyanya iliyochemshwa. Alikuwa amekimbia hivyo siku tatu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Prof, munisamehe, nitamaliza."

Nilimbeba. Mama Mapalo, anayelima lengalenga, mchicha wetu, kando ya barabara, aliacha jembe akaja. Familia yake ililima hapo kabla kiwanda hakijafikiriwa. Alitazama miguu, akanitazama mimi. "Monsieur, unakimbizaka batoto mu ile mayi? Mwezi moja sasa banaichota mu bassin ya kiwanda. Pompe yabo ilikufa. Ona lengalenga yangu." Nikaangalia. Mstari wa kando ya barabara wote umekauka, majani yamekunjamana kama karatasi iliyochomwa.

Bassin. Lile bwawa la taka, yale maji ya kijani yenye asidi nyuma ya ukuta. Ndipo nikazikumbuka zile soli.

Nilimfikisha dispensaire ya shule. Nesi Syntiche akauliza mtoto amekanyaga nini. Kabla sijafungua mdomo Préfet yuko mlangoni, watoto walikwisha kumkimbilia na habari, akajibu yeye: maji ya moto, jikoni kwa internat, sufuria ilimwagika. Alisema bila kupepesa jicho. Shalom alikuwa amezimia nusu. Mimi nilikuwa na akili zangu zote, nami nikanyamaza. Syntiche akapaka dawa ya kuungua, akafunga bandeji.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda mwenyewe alfajiri. Lori liko kwenye bassin, bomba ndani. Dereva akanipungia mkono. Nikampungia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimezungumza na Préfet, mlango umefungwa. Nilimwambia ni asidi, Syntiche lazima ajue. Akaniuliza taratibu: nani aliwapeleka barabara ile? Nani alisema mtoto asivae viatu? Kiwanda kinatoa mahema ya jubilei, kinatoa jezi, kinatengeneza uwanja mpya. "Bwalya, unataka kufunga masomo? Batoto mia sita baende wapi?" Sio mtu mbaya. Hilo ndilo linanichosha. Anaamini kabisa anaokoa shule.

Nikamwonyesha picha ya Kalaba. Sijui kwa nini. Labda nilitaka anifukuze, niwe nimemaliza. Aliitazama sana. Halafu akanirudishia simu.

"Iko photo ya muzuri," akasema. "Ukatie ku magoti."

Kwamba niikate kwenye magoti, miguu isionekane. Basi.

Jana Mama Kahambu alikuja na uji na kitabu cha nyimbo. Ameambiwa sufuria. Alimshukuru Préfet kwa kumtunza mtoto. Alinishukuru na mimi! Nilipokea mkono wake.

Jumatano, 22 Oktoba

Homa. Syntiche alifungua bandeji leo, harufu ikajaa chumba kizima. Alisema maji ya moto hayafanyi hivi, kidonda kinakwenda chini badala ya kupona juu. Alisema tena, kwa sauti, akinitazama mimi: maji ya moto hayafanyi hivi. Mchana wamempeleka hospitali kubwa mjini. Nilipanda naye ndani ya gari. Njia nzima Shalom aliimba polepole, nyimbo za kanisani kwao, kwa Kinande, sikuelewa neno.

Daktari ni kijana, mkali, hana muda wa salamu. Aliuliza: aliungua na nini? Mama Kahambu, aliyetukuta pale, akajibu, sufuria. Daktari akaniangalia mimi, prof wa michezo. Nikasema ndiyo nilivyoambiwa.

Ndiyo nilivyoambiwa! Mimi niliyembeba.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimefundisha saa nne za historia. Sikumbuki nilifundisha nini. Hospitali sikwenda.

Ijumaa, 24 Oktoba

La kuvunda halina ubani. Bibi yangu alilisema kila siku, nami nililisikia kama kelele za kuku. Leo nimelielewa.

Nimekwenda kwa daktari saa mbili asubuhi, nimemkuta anakunywa chai amesimama. Nikamwambia yote ya barabara. Lori, bassin, lengalenga, tangu Septemba, na yeye peke yake bila viatu. Alikiweka kikombe chini. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. Alisema acide inaoshwa. Inaoshwa kwa maji safi siku ile ile, muda mrefu, haifungwi kwa mafuta na bandeji ikabaki inakula nyama. "Siku saba," akasema. "Siku saba, Monsieur, mulikuwa munangoya nini?" Halafu akapiga simu mbili, akaita watu, wakakimbia. Mguu wa kulia anautilia shaka zaidi kuliko wa kushoto. Kesho saa nne wanaingia chumba cha upasuaji. Vidole, labda. Labda nusu ya mguu. Hatasema mpaka afungue aone.

Mama Kahambu alisikia yote, alikuwa nyuma yangu. Sikujua kama yuko pale. Aliketi kwenye benchi, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunja tena. Aliniuliza kama Préfet alijua. Nikasema alijua. Kama nilijua. Nikasema nilijua tangu siku aliyoanguka. Nilitaka anipige.

Préfet amenipigia simu mara kumi na moja. Sikujibu. Jioni ujumbe mmoja: nisikanyage shuleni Jumatatu. Sawa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Naandika kwenye korido, daftari juu ya goti.

Nimefika mapema. Nilidhani mama atanifukuza. Hakunifukuza. Ameweka miguuni kwake mfuko wa plastiki, na ndani yake ni ile jozi — moja ya zile mbili zilizorudishwa. Vyeupe, na karatasi bado imo ndani. Ameleta viatu siku ya kukata mguu! Alipoona naviangalia akasema mtoto aliviomba mwenyewe jana usiku, akamtuma nyumbani kwa lazima.

Halafu akaniuliza, sio kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Prof, ile mambo ya lori nimeisikia. Ya kiwanda nimeisikia. Moja tu sisikii. Mimi nauzisha bilatu. Mutoto wangu alikatalia bilatu yangu juu ya nini?"

Nikasema ni desturi ya shule. Akasema desturi ina mwanzo wake, na mimi ndiye naandika historia. Nikasema ni juu ya wale wa 1998. Akatikisa kichwa polepole. Akasema kama wale watoto walishinda vile kweli, basi hata yeye hana la kusema, binti yake alichagua kuwa kama wao. Kweli. Alilitamka neno hilo, akaliacha pale kati yetu.

Nilikuwa naweza kujibu. Mdomo ulifunguka. Muuguzi akatoka, akasema Shalom ananiita mimi, kabla ya sindano.

Nimeingia, mama nyuma yangu. Mtoto amekuwa mdogo katikati ya lile shuka. Uso mkavu, midomo imepasuka, macho yanawaka kwa homa. Hakuuliza ya mguu. Nadhani wamemwambia, nadhani ameamua kutolisikia. Alitaka kujua jambo moja, na alilipanga vizuri kama mwanafunzi anayenyoosha kidole darasani.

"Prof, hii masiku ya hospitali, banaihesabia mu trimestre yangu? Ao nitaanza tena, bila bilatu?"

Nikasema zinahesabiwa. Nikasema zinahesabiwa zote. Akafumba macho, akatabasamu! Akamwambia mama yake, "Umeona? Sawa vile bale ba zamani."

Mama hakumwangalia. Ananiangalia mimi.

Nimetoka kuandika hili kwa sababu nikikaa mle ndani dakika moja zaidi... Sasa ni saa nne kasoro dakika kumi. Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Simu ina picha, haijakatwa, na miguu yote kumi inaonekana. Mama Kahambu amesimama mlangoni na ule mfuko, anasema Shalom hataki kwenda kabla hajanisikia, anataka nimsimulie ile ya 1998 mara moja tu, ya kumpa nguvu, niingie upesi. Nafunga daftari, naingia na simu mkononi.