Ijumaa Uliyoiandika, Athumani

Athumani,

Barua huanza kwa kuuliza hali, nami sithubutu kukuuliza. Yangu nitakueleza: wiki hii nimeitwa mwongo, na wewe umeitwa mwongo ukiwa kaburini. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Unalikumbuka daftari letu la vipimo. Tulitaka kuwaonyesha wageni wa maonyesho ya shule kwamba maji ya kisima cha kwenu, hapa Likoni, hupanda na kushuka kufuata bahari. Asubuhi nilipima mimi kabla ya kengele. Jioni ulipima wewe ukishaswali magharibi. Ulinicheka kwamba naandika kama kuku anayeparua. Nami nilikwambia unazipamba tarakimu kama bibi harusi.

Jumatatu, mwalimu wetu wa sayansi, yule aliyetoka bara, alilifungua daftari na kuweka kando yake jedwali la maji kujaa na kupwa bandarini. Vipimo vyangu vilikubaliana nalo. Vyako vilipishana nalo, jioni baada ya jioni. Kisha akafika ukurasa wako wa mwisho. Uliandika: Ijumaa. Lakini wewe ulifariki Alhamisi usiku, na Ijumaa tulikuzika kabla ya sala, mwalimu mwenyewe akiwapo.

"Maiti haandiki, Yona," akaniambia.

Akasema ulikuwa ukibuni vipimo kitandani, nami nikakuongezea kimoja. Kurasa zako nizichane kabla ya maonyesho ya Jumamosi, ama sivyo meza yetu wapewe wengine. Nilikasirika, na hasira nyingine nikaielekeza kwako. Ijumaa gani hiyo, Athumani? Ungenijibu japo ndotoni!

Juzi Alhamisi nikaenda kwenu. Nilimkuta mamako akikunja kanzu zako, nikaona haya kumuuliza, ila nikauliza. Je, siku ile ya mwisho ulikwenda kisimani?

"Alitoka na homa yake," akasema. "Nikamkataza, akatoka. Karudi anatetemeka, kalala, asiinuke tena. Katutoka usiku wa Ijumaa, mwanangu. Mngu kamchagulia usiku mwema."

Nilifungua kinywa nimsahihishe, nimwambie Alhamisi, mama. Kikabaki wazi.

Kwenu jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, nikila sahani moja nanyi, na sikuwahi kuyafikiria juu ya daftari, kwa sababu mimi napima asubuhi, na asubuhi haina ugomvi na mtu. Kumbe kila jioni uliandika siku iliyokwisha kuingia, kama ulivyofunzwa. Na jioni ile ya mwisho ulikwenda kweli, na homa yako, kwa ajili ya kipimo kimoja. Nililia mbele ya mamako bila kumweleza kwa nini.

Kisha nikakimbia hadi shuleni. Mwalimu alinisikiliza amekunja uso. Akaanza kuzirudisha jioni zako nyuma siku moja, moja baada ya nyingine, kidole kikifuata jedwali. Nilisimama pale nikiomba bahari isituangushe. Haikutuangusha. Hata ile Ijumaa yako ilikaa mahali pake.

Mwalimu alilifunga daftari. "Andikeni mwanzoni siku yenu inaanza wapi," akasema. Alisema andikeni, kana kwamba umesimama kando yangu.

Leo wageni wamekuja. Meza ilikuwa yetu, na jina lako liko juu ya langu. Zawadi wamepata waliotengeneza kengele ya umeme, nawe najua ungenuna mpaka kesho. Mimi sikununa. Kurasa zako zote zilikuwapo, na watu walizifunua kwa mikono yao.

Ila jioni tangu uondoke zilikuwa tupu. Sikuwa na moyo wa kukisogelea kisima kile giza likiingia. Leo nimekwenda baada ya magharibi, mamako akanishikia taa, nikateremsha kamba yetu ya mafundo. Nimepima.

Lala salama, ndugu yangu. Naahidi kupima mpaka daftari lijae, asubuhi kwa siku yangu na jioni kwa siku yako. Wenzangu wanasema leo bado ni Jumamosi. Mimi nimeandika Jumapili.

Yona