Mwanangu Anasoma Nyota

Ikwiriri, Februari 1998

Mwanangu Nasma,

Nakusalimu huko Ulaya kwenye baridi. Ile picha ya nyota uliyotuletea, iliyopigwa na darubini iliyorushwa angani, nimeitundika sebuleni. Kila mgeni namwambia kazi yako ni kuzisoma hizo, na kwamba wenzio wamegundua sayari zinazozunguka majua mengine. Jirani yetu Johari akanichokoza, "Nyota zinaliwa, Mama Nasma?" Nikamwambia, "Mwanao anaijua njia ya Nyamwage tu, wangu anaijua ya mbinguni!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Mvua zimezidi, mpunga umelala majini.

Mwezi wa Idi ulipoandama watu wote walitoka kuutazama. Mimi sikutoka, niko eda. Baba yako tulimzika mwezi wa Shaabani. Mwenyewe alikataza usiitwe kabla hujamaliza mtihani, nami nikamtii. Silii, mwanangu. Nakaa tu, nakula ninacholetewa.

Sasa mtihani umekwisha, ndiyo nakuandikia. Kunikasirikia ni haki yako, ila njoo unikasirikie hapa.

Mimi mama yako,
Semeni binti Mwinjuma