Kwa Teo, na Goli Tulilolikosa

Mwaka umetimia tangu ile Jumanne, Teo, na bado hatuelewi. Watu wanasema muda huponya. Labda hao hawajapigiwa simu asubuhi na mapema kuambiwa kwamba mtu wa miaka thelathini na mbili, aliyecheza mpira Jumamosi, ameanguka jikoni akisubiri kahawa na hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Moyo gani, Teo? Huo uliokukimbiza uwanjani miaka kumi na moja bila kulalamika? Tulimwomba arudie, akarudia, na bado mama akamwuliza kama ana uhakika ameshika faili lako, si la mtu mwingine.

Ulikuwa beki wa kati. Majirani hapa Erie hadi leo wanauliza ulichezea timu gani kubwa, nasi tunawajibu bila aibu: hata moja. Ulichezea timu saba za madaraja ya chini, na mbili kati ya hizo zilivunjwa jezi zake zikiwa bado begini mwako. Mikataba yako ilikuwa ya miezi tisa, ukibahatika kumi. Mlikuwa mkikaa saa tisa ndani ya basi kwenda kufungwa matatu bila, kisha saa tisa nyingine kurudi. Asubuhi ulipima mbao na misumari dukani, mchana ukaenda mazoezini, na kila msimu ulilala kwenye chumba cha ziada cha familia iliyojitolea kukupokea, maana ndivyo wachezaji wa madaraja hayo wanavyoishi.

Baba alikufundisha kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto ukiwa mdogo, akidhani anaandaa mrithi wa kazi yake. Kumbe alikuwa akikufundisha kulipa fadhila. Hakuna nyumba uliyolala ambayo iliona baridi. Bi. Odessa Pettigrew, dereva wa basi la shule aliyestaafu na mwenyeji wako wa mwisho kule Harlan Creek, alituambia kwamba mtambo wake ulikuwa ukikohoa miaka sita, ukaunyamazisha siku ya kwanza hata kabla hujafungua sanduku.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukisimama mbele ya jokofu ukila pierogi za mama, zile sambusa zake za kuchemsha zenye viazi, zikiwa baridi, kwa mkono, huku umemgeuzia mgongo ukidhani hakuoni. Tunakumbuka ulivyokuwa ukicheka kabla hujamaliza kusimulia, hata tusijue tunacheka nini.

Na katika miaka yote kumi na moja, kaka yangu, hukufunga goli. Hata moja. Ulikuwa ukienda kwenye kila kona, unaruka, unarudi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeligeuza jambo hilo mzaha. Kila Jumamosi baada ya mechi simu ya baba ililia, naye akaiweka mezani ili sote tusikie.

"Baba, leo nimefunga goli!"

"Na mimi leo nimechaguliwa Papa."

"Hongera, Baba Mtakatifu."

"Barikiwa, mwanangu. Haya, sema ukweli, mmefungwa ngapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yenu. Mimi, dada yako Bernadette, nilikuwa nikiwaambia ninyi wawili hamna akili, na sasa ningetoa chochote niisikie tena.

Jumamosi ya mwisho tulikuja wote wanne: baba, mama, Shangazi Halina na mimi. Mechi ya mwisho ya msimu, na ulikuwa umetuambia kwamba ndiyo ya mwisho kwako pia. Jumatano ungerudi nyumbani moja kwa moja. Tulikaa safu ya tano, karibu na bendera ya kona. Dakika ya sitini na mbili radi ikapiga. Sheria ya kwetu ikipiga radi kila mtu anaijua: wachezaji ndani, watazamaji kwenye magari, zinahesabiwa dakika thelathini, na ikipiga tena zinaanza upya.

Ikapiga tena. Ikapiga ya tatu. Baba akatazama mbingu kwa jicho la mtu aliyefunga mitambo juu ya mapaa miaka arobaini, akasema, "Leo hawarudi hawa. Twendeni tukale."

Mama akasema, "Leonard, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Hiyo mechi imeshakufa. Mtoto mwenyewe anakuja Jumatano."

Ulikuwa umesimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, ukapunga mkono. Nasi tukakupungia. Tulidhani unatuaga.

Tulikuwa tumeagiza kuku kwenye mkahawa wa kando ya barabara, mwendo wa saa nzima kutoka uwanjani, simu ya baba ilipolia. Akaiweka mezani kama kawaida yake.

"Baba, leo nimefunga goli."

"Na mimi leo nimechaguliwa Papa."

Ulinyamaza kidogo. Sote wanne tulikisikia kile kimya, na hakuna aliyekijali. "Hapana, baba, nisikilize. Kweli."

Nami, Mungu anisamehe, nikadakia: "Kaka, ngoja kwanza tumalize kuku!" Meza nzima ikacheka. Ukacheka na wewe.

"Hongera, Baba Mtakatifu," ukasema. "Nitawasimulia Jumatano."

Jumatano tulikuja kuuchukua mwili wako.

Tulikuzika Jumamosi iliyofuata. Baada ya mazishi watu walikuwa wakila katika ukumbi wa chini wa kanisa, na Bi. Odessa akamshika baba mkono kumpa pole. Akasema, "Angalau Mungu alimpa lile goli, Bwana Wojtanek."

Baba akasema, "Goli lipi?"

Teo, ungeuona uso wa yule bibi. Alitutazama mmoja mmoja, akidhani huzuni imetuharibia kumbukumbu. "Si lile la Jumamosi? Hakuwaambia? Alikuwa amesimama jikoni kwangu, bado ana matope, akasema anampigia baba yake!"

Mama akaweka sahani chini. Ndipo Bi. Odessa, na miaka yake sabini na moja, akasukuma kiti pembeni akatuonyesha. Mechi ilirudi baada ya saa moja na dakika hamsini. Uwanjani walibaki watu wasiozidi tisini. Dakika ya themanini na nane ikapigwa kona, ukaruka kama siku zote, na mpira ukakugonga sikioni. "Sikioni!" akasema, akijipiga sikio lake. "Hata yeye hakuuona! Kipa ameangalia kule, mpira umeingia huku!" Shangazi Halina akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nasi tukamfuata, huku udongo wa kaburi lako ukiwa bado haujakauka kwenye viatu vyetu.

Kisha baba akauliza ulishangilia vipi. Bi. Odessa akasita. Mama akamwambia, "Sema tu, dada."

"Aliwakwepa wenzake wote," akasema. "Alikimbia mpaka kwenye kona, akapanda ukuta mdogo, akafika safu ya tano. Pale mlipokuwa mmekaa. Mimi nilikuwa safu ya saba na mwavuli wangu. Akaviangalia vile viti vinne, halafu akanikumbatia mimi."

Tulilitafuta kwenye picha. Hakuna. Mpiga picha alikuwa ameifunika kamera yake kwa ajili ya mvua. Kwa hiyo goli lako tumeliona mara moja tu, limechezwa na bibi wa miaka sabini na moja katika ukumbi wa kanisa. Kesho yake baba aliendesha gari peke yake hadi Harlan Creek, akamwomba mtunza uwanja amwonyeshe ni lango lipi. Hakutuambia alifanya nini pale. Mzaha wa Papa hajautamka tena.

Mama anasema ule mkono wa mlangoni ulikuwa ukituambia tungoje. Hatujui. Tumeurudia vichwani mwetu mwaka mzima, na hatujui.

Jumamosi hii timu yako inafunga msimu nyumbani. Tumekata tiketi nne, safu ya tano, viti vile vile, na moja ya Bi. Odessa, aketi nasi. Wanasema kutakuwa na radi. Baba amenunua makoti ya mvua, mama amefungasha pierogi, na funguo za gari nitakaa nazo mimi. Ikipiga, tutakwenda garini tuhesabu dakika thelathini. Ikipiga tena, tutaanza upya.

Unakumbukwa na mama yako Rosalie, Shangazi Halina, mimi dada yako Bernadette, na Bi. Odessa, ambaye sasa ni wa kwetu. Unakumbukwa na baba yako Leonard, aliyeomba tumwachie nafasi ya mwisho, kwa sababu ana jibu la simu yako ambalo hakulitoa:

"Nimekusikia, mwanangu. Umefunga. Hongera sana."

Daima tutakukumbuka, Teo, na goli lako pia.