Sweta Nililoliwamba kwa Miiba

Kirushya, Jumamosi, Februari 1979

Asubuhi ukungu ulifika mpaka mlangoni. Sasa jua limetoka, lile jua laini la baada ya mvua. Tangu niamke natembea kama mtu aliye usingizini, na sioni sababu ya kujiamsha.

Jana nilimaliza kufuma sweta la Gervasi, mume wangu. Halina mikono kwa kuwa uzi haukutosha. Uzi wenyewe umetoka kwenye shali kuukuu ya sufu iliyochanganywa na hariri. Sista wa misheni alinigawia alipohamishwa, nami nikaifumua yote. Madukani siku hizi hata sabuni ni hadithi, sembuse uzi. Gervasi yuko vitani tangu kabla ya Krismasi. Jumatatu lori la michango ya wapiganaji litapita hapa kijijini, na mwenyekiti amekubali kulipakia sweta langu.

Ila sweta likitoka kwenye sindano huwa limejikunja, halina umbo la mtu. Lazima uliloweke, kisha uliwambe kwa pini likiwa bichi, likauke hivyo hivyo. Kwa uzi huu kukosea hakuna. Hariri ikilowa hulegea, na ukiivuta kupita kiasi hairudi.

Nikaliloweka kwa maji ya mvua, nikaliviringisha ndani ya khanga, nikalikanyaga taratibu. Halafu mimi, mtoto wa Shinyanga, nikaona majani mabichi ya mgomba yalivyo mapana na safi, nikataka kulitandaza juu yake. Mama mkwe akapiga kelele kutoka jikoni.

"Mwanangu we! Utomvu wa mgomba haufuliki! Kwenu hamjui migomba?"

Nikaleta mkeka. Nikachuma miiba ya mlimau, maana pini zangu zimeota kutu. Nikapiga magoti, nikashika mwiba wa kwanza, nikaganda.

Kifua chake kina upana gani?

Nikaenda kutoa shati lake la zamani nilipime kwa kamba. Mama akaniona.

"Weka chini," alisema. "Hapa kwetu mtu asiyekuwepo hapimwi kwa kamba. Anayepimwa hivyo ni wa kuzikwa."

Akalikunja shati, akaondoka nalo.

Nikafumba macho nimtazame Gervasi kichwani mwangu. Niliona kofia yake. Niliona anavyocheka. Kifua sikukiona, na hapo nikaogopa kweli. Mtu niliyelala naye miaka yote hii, anawezaje kunitoka upesi hivi?

Basi nikajilaza kando ya sweta. Nikaweka kichwa pale ambapo bega lake lingekuwa, kama nilivyozoea. Sufu mbichi ilinukia, kuku walikuwa wanapekua karibu, upepo ukipita migombani taratibu. Sijui kama nilisinzia. Najua tu kwamba kwa muda alikuwepo. Mkono wangu ukamvuka kifuani wenyewe, ukatua pale unapotua siku zote. Nikachomeka mwiba hapo kwa kupapasa, kisha mingine mabegani na ubavuni, macho yamefumbwa.

Nilipoyafumbua, Mama alikuwa amesimama juu yangu.

Niliinuka kwa aibu, nikingoja kusemwa. Alipiga magoti upande wa pili, akang'oa mwiba wa bega la kulia, akauchomeka chini kidogo.

"Bega hili limeshuka," alisema. "Tangu alipoanguka mtini akiwa mdogo."

Sikuwahi kuliona.

Kisha akafungua mikono kama anayetaka kukumbatia, akaishusha juu ya sweta. Viganja vyake vikatua mbali kabisa na miiba yangu.

"Ongeza."

"Mama, uzi huu ukivutwa haurudi."

"Ongeza. Mwanangu ni mpana."

Gervasi si mpana. Ni mwembamba, mkono wangu unamzunguka na kubaki. Lakini nilitazama ile mikono ya Mama iliyokaa wazi juu ya mkeka, haijakumbatia kitu. Nikaanza kuhamisha miiba, mmoja baada ya mwingine, kidole kimoja nje kila upande.

Sasa tumekaa wawili tunafukuza kuku. Sweta linakauka polepole, limetulia.

Nimeamua silirudishi kwenye kipimo changu. Likimpwaya, avae hivyo hivyo. Nafasi itakayobaki ni ya mama yake.