Mstari wa Salfa

Ruangwa,
Julai 2004

Baba, shikamoo.

Huku tu wazima, na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Natumaini lori halikusumbui huko Mtwara.

Sisi wanafunzi wa baiskeli tumechoka kusukumiwa mtaroni na magari. Ijumaa tulichota unga wa salfa ya kupulizia mikorosho, tukachora mstari wa njano pembeni mwa barabara ya Nachingwea, ili upande wa nyasi zipite baiskeli tu. Jioni ile ile lori liliuvuka mstari, likamgonga mwenzetu Hemedy, halikusimama. Mguu umevunjika. Yuko hospitali, anaulizia baiskeli yake.

Wewe ulifika nyumbani magharibi ile, ukaondoka bila kula. Kabla hujaondoka, Mama alichukua ndoo akaosha tairi za lori lako. Maji yalitoka ya njano.

Jumatatu tunakokota baiskeli zetu hadi kwa Mkuu wa Wilaya, tukadai njia yetu. Wamenichagua mimi niongee. Lazima ataniuliza lori lilikuwa la nani.

Barua hii nampa konda wa basi, uipate kesho. Mama hajui. Rudi, Baba, useme mwenyewe. Usiponitangulia, nitasema mimi.

Mwanao akupendaye,
Mwanamvua